Kiasi, Kalibu na Risasi: Uhakiki wa Msamiati Tulioupoteza

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni jinsi Kiswahili cha leo kinavyolibebesha neno moja, risasi, mzigo wa vitu visivyopungua vinne. Tunasema risasi tukiwa na maana ya madini mazito ya kijivu. Tunasema risasi tukikusudia kipande cha madini hayo kinachotoka mtutuni na kwenda kupiga shabaha. Tunasema risasi tukitaja kitu kizima kinachotiwa bundukini, yaani ganda pamoja na fataki, baruti na kile kipande chenyewe. Na mara nyingi tunasema risasi hata tuokotapo ganda tupu. Hoja yetu ni kwamba umaskini huu si wa asili. Kiswahili cha karne ya 19 kilikuwa na maneno yaliyovitenga vitu hivi, nayo yalififia, si kwa sababu lugha ilishindwa, bali kwa sababu mikono ya wasemaji wake iliondolewa katika kazi yenyewe.

Ili kulipima jambo hili hatuna budi kupata matini yanayomlazimisha msomaji kuvitenga vitu hivyo. Matini ya namna hiyo yanapatikana Marekani, katika vitabu vya mwongozo wanavyovitumia watu wanaosubu risasi zao wenyewe na kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Tutakitazama kwanza kifungu kimoja cha elimu hiyo, kile kinachohusu bunduki ya wenzo yenye mtutu mpana. Kisha tutarudi kwetu na kuuliza kama yanaweza kusemwa kwa Kiswahili, na kwa maneno gani.

I. Mwongozo kama matini

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji huishindilia kwa kushusha na kupandisha wenzo ulio chini yake. Kitendo hicho kimoja hulitoa ganda tupu na kuliingiza lililojaa. Katika aina nyingi, akiba hulazwa ndani ya bomba refu lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya mwenziwe, hivi kwamba ncha ya iliyo nyuma huigusa fataki ya iliyo mbele. Kwa sababu hiyo msubuji wa risasi za bunduki hii huzifanya ziwe na ncha bapa, maana ncha kali ingeweza kuipiga fataki ya jirani yake na kuleta maafa ndani ya bomba. Kwa sababu hiyo hiyo kingo za ganda hubanwa kuizunguka risasi, ili mshtuko wa kila pigo na msukumo wa kamani ya bomba visiisukume kuingia ndani. Umbo la kitu, tunaona, linafuata mahali kinapolala.

Mashuhuri zaidi katika jamii hii ni ile iitwayo .45-70, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1873 na baadaye kutumiwa katika bunduki za wenzo kama vile Winchester ya 1886. Jina lake ni sentensi iliyofupishwa. Sehemu ya kwanza inataja upana wa risasi, kiasi cha sehemu 45 katika 100 za inchi. Sehemu ya pili inataja punje 70 za baruti nyeusi, punje ikiwa ni kipimo cha uzani ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja. Zamani iliongezwa sehemu ya tatu, 405, ambayo ni uzani wa risasi kwa punje, yaani karibu gramu 26. Msomaji wa wakati ule aliyelisoma jina alikuwa amekwisha kuisoma karibu kanuni nzima ya kuitengeneza.

Lakini majina hudumu na vitu hubadilika. Baruti nyeusi ilipotoweka katika matumizi ya kawaida na mahali pake kushikwa na baruti isiyotoa moshi, iliyo na nguvu zaidi kwa uzani ule ule, ile 70 ilibaki jinani bila kutaja tena kilichomo ndani ya ganda. Zaidi ya hayo, bunduki zinazoitwa kwa jina hili hazilingani kwa uimara. Iko ya jeshi ya 1873, ambayo chuma chake ni dhaifu. Ziko za wenzo, zilizo imara zaidi, mojawapo ikiwa ni Marlin 1895 ya muundo mpya iliyotolewa mwaka 1972. Na ziko za pigo moja za siku hizi, zinazostahimili kuliko zote. Kwa hiyo mwongozo ulioandikwa kwa uangalifu hauna jedwali moja la .45-70 bali una matatu. Mtu akichukua kiasi cha jedwali la tatu na kukitia katika bunduki ya jedwali la kwanza, chuma kinaweza kupasuka mbele ya uso wake.

Mhakiki wa fasihi huenda akadhani kwamba matini haya hayana mtindo, kwa kuwa ni amri na majedwali matupu. Sivyo. Mtindo wake umo katika kukataa visawe. Kila kitu kina jina moja, na jina hilo halikopeshwi kwa kitu kingine katika ukurasa wote. Maonyo hurudiwa kama kiitikio, hasa lile la kuanza na kiasi cha chini kabisa na kupanda hatua kwa hatua. Urudiaji ambao katika insha tungeuita kasoro, hapa ndio uaminifu wa mwandishi kwa msomaji asiyemwona.

II. Maneno tuliyokuwa nayo

Tukirejea kwetu, tunaanza na neno risasi lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini. Kipande kilichosubiwa kilichukua jina la kitu kilichofanyiwa, jambo la kawaida katika lugha nyingi. Bunduki nayo ina historia ya kinyume chake: katika Kiarabu neno bunduq lilikuwa jina la tunda dogo la mviringo lenye gamba gumu, kisha likawa jina la kidonge cha kurusha, na mwishowe likahamia kwenye silaha inayokirusha. Kwa hiyo kidonge ndicho kilichoipa silaha jina.

Palikuwa na kalibu, chombo ambacho madini yaliyoyeyuka humiminwa ndani yake yapate umbo. Neno hili nalo lilitoka Kiarabu, na wanaisimu wengi wanakubali kwamba shina lile lile lilivuka bahari ya Mediterania na kuzaa neno ambalo Wazungu hulitumia kutaja upana wa mtutu. Anayedai kwamba Kiswahili ni mgeni katika somo hili na akumbuke kwamba kipimo chenyewe cha bunduki za Ulaya kina undugu na kalibu yetu. Palikuwa na kitenzi kusubu, ambacho si kumimina tu bali ni kumimina ili kitu kipate umbo. Palikuwa na marisau, vile vidonge vidogo vya kupigia ndege, vilivyotengwa kabisa na risasi. Palikuwa na baruti, na fataki, na mdeki wa kushindilia, na kitenzi kushindilia chenyewe.

Neno linalonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni kiasi. Msomaji wa kamusi za kale atakuta kwamba kiasi cha bunduki kilikuwa na maana mahsusi: kipimo kizima cha pigo moja, kilichotayarishwa tayari kutiwa. Sijui kama lipo neno zuri zaidi. Halikitaji kitu kwa umbo lake wala kwa madini yake, bali kwa busara ya mtu aliyekipima. Lilikuwa na wingi wake, viasi, na lilisimama kando ya risasi bila kugombana nayo: risasi ni kinachoruka, kiasi ni kizima kinachotiwa.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa masomoni Marekani alipata kuketi jioni kadhaa katika banda la mzee mmoja aliyekuwa akisubu risasi za bunduki ya wenzo. Nilipompigia simu babu yangu mzaa mama na kutaka kumsimulia, nilijikuta nikisema risasi, risasi, hata nikanyamaza kwa aibu. Babu akaniuliza kwa upole, "Ana kalibu ngapi huyo mzee?" Yeye hakupata kusubu maishani mwake, alikuwa amemwona baba yake akifanya hivyo kwa ajili ya gobore. Mimi mwenye shahada ya lugha nilikuwa nimelisahau neno, naye alikuwa nalo mdomoni.

III. Kilichoyaondoa

Kwa nini maneno haya yakafifia? Jibu la haraka ni kwamba vitu vyenyewe viliondoka. Lakini risasi hazikuondoka. Kilichoondoka ni utengenezaji. Mwenye gobore alikuwa fundi kwa lazima. Alinunua risasi kama madini, akaiyeyusha, akaisubu, akapima baruti, akashindilia, akaweka fataki. Kila hatua ilidai jina, na jina lilikaa kwa sababu mkono uliligusa kila siku.

Mwaka 1887 msafara wa Stanley wa kumfuata Emin Pasha ulichukua mamia ya watu kutoka Unguja. Katika orodha ya shehena yake, zama mbili zinalala ubavu kwa ubavu. Kwa upande mmoja zimo tani 2 za baruti na fataki 350,000, vitu vya mtu anayejitayarishia mwenyewe. Kwa upande wa pili umo mzigo wa Remington 510 na Winchester 50, pamoja na makumi ya maelfu ya vile ambavyo babu zetu wangeviita viasi, vilivyokwisha kujazwa kiwandani. Miaka mitatu baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, na kwa jumla ukawaachia wenyeji bunduki za jiwe zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo msamiati wa kushindilia ulifungiwa ndani ya gobore, nalo gobore likaanza kuwa ishara ya ukale. Bunduki mpya ilikuja mikononi mwa askari aliyehesabiwa risasi zake asubuhi na kuulizwa jioni ngapi zimebaki. Kwake kitu kile kilikuwa kimoja, kimefungwa, wala hakuruhusiwa kukifungua. Mtu asiyefungua kitu hahitaji majina ya vilivyomo.

Bunduki ya wenzo yenye mtutu mpana nayo ilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa na Winchester ya 1895 ya kipimo cha .405, aliyoipenda sana kwa kuwindia simba. Wapagazi na wabeba bunduki waliijua vizuri: waliibeba, waliisafisha, walimpa mkononi. Lakini hawakuitengenezea chochote. Baadaye, mwaka 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, hata nafasi hiyo ndogo ya lugha ya mwindaji ilifungwa. Sisemi kwamba marufuku ile ilikuwa kosa. Nasema tu kwamba kila mlango unapofungwa, kuna maneno yanayobaki nje, na ni kazi yetu kujua ni yapi.

Tofauti ya Mmarekani tuliyemtaja haiko katika utajiri wa lugha yake. Yeye pia angeweza kununua kitu kilichofungwa na kukiita kwa jina moja. Ila alikifungua tena, kwa sababu ya gharama au kwa mapenzi ya kazi, na alipokifungua akayahitaji majina yote.

IV. Jaribio

Hoja isiyojaribiwa ni dai tu. Nimeandika hapa maelezo mafupi ya kazi ile, kwa kutumia maneno tuliyoyataja bila kubuni hata moja:

"Yeyusha risasi katika chungu cha chuma, na kwa upawa uondoe taka zinazoelea. Pasha kalibu moto kabla ya kumimina, kwani kalibu baridi huzaa risasi zenye makunyanzi. Tone la maji lisikaribie chungu, maana maji yakinaswa chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha. Fanya kazi mahali penye hewa, wala usile kwa mikono isiyooshwa, kwa kuwa risasi ni sumu. Zilizosubiwa zikishapoa, zichague moja moja. Zenye kasoro zirudi chunguni, zilizo nzuri zipakwe nta. Kisha uyatwae maganda, uyasafishe, uyarudishe katika umbo lake, utoe fataki zilizokufa na kutia mpya. Pima baruti kwa mizani, ukifuata kiasi kilichoandikwa kwa bunduki yako, wala si kwa jina tu. Mwisho iweke risasi kinywani mwa ganda na ubane kingo zake."

Sasa tuchukue sehemu ya mwisho na kuiandika kwa Kiswahili tulichokizoea: safisha risasi, toa fataki ya risasi, kisha weka risasi kinywani mwa risasi. Msomaji atacheka, na ana haki. Lakini tafsiri nyingi tunazozipokea katika habari na katika riwaya za upelelezi hazitofautiani sana na sentensi hiyo, ila tu hazikusanyi makosa yote mahali pamoja.

Uadilifu unatudai tukiri kwamba msamiati wa zamani hautoshi kila mahali. Hauna neno moja la mifuo inayozunguka ndani ya mtutu na kuifanya risasi ijizungushe, kwa kuwa gobore halikuwa nayo. Hauna neno la mfereji mdogo unaoshika nta ubavuni mwa risasi. Hapa ni lazima tueleze, au tuunde. Vile vile uadilifu unatudai tuwasifu wasemaji wa kawaida, ambao bila kamati yoyote walipata neno ganda. Waliliona lile bomba dogo la shaba nyeupe likibaki tupu, wakaliita kama waitavyo la yai na la ndizi. Hivyo ndivyo lugha inavyofanya kazi mahali ambapo jicho limepewa nafasi ya kutazama.

V. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba muktadha unatosha. Tukisema risasi ilimwingia begani, hakuna anayedhani kwamba ganda na baruti viliingia pia. Tukisema alikamatwa na risasi kumi, tunajua ni nzima. Ni kweli. Muktadha humtosha mtu anayesimulia. Haumtoshi anayetengeneza, wala haumtoshi anayehukumu.

Tumfikirie shahidi katika mahakama ya hakimu, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Anasema, "Niliona risasi chini, karibu na mlango." Kama aliona nzima, basi kuna mtu aliyekuwa na silaha au aliyeidondosha, lakini kitu hicho hakikupigwa. Kama aliona ganda, basi huenda mpigaji alisimama karibu na hapo mlangoni. Kama aliona kipande cha madini kilichobapa, basi mlango ndio uliokuwa upande wa shabaha, na mpigaji alikuwa mbali. Ni ushahidi wa namna tatu, na katika mmoja wao mshtakiwa anaweza kuwa amesimama upande usio wake. Mkalimani anayeandikisha neno moja la Kiingereza kwa yote matatu hakudanganya. Alipewa neno lisilosema. Tangu Katiba ya 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hatuwezi tena kusema kwamba upungufu huu ni wa soko na barabarani tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kimaadili: kwa nini idara ya lugha ishughulikie majina ya vitu vya kuua? Jibu langu linatoka chunguni. Risasi tupu ni laini, kwa hiyo wasubuji huichanganya na bati halisi, si mabati ya kuezekea, na madini yaitwayo antimoni ili iwe ngumu. Mchanganyiko walioupenda mno ni ule wa mitambo ya chapa ya Linotype, ambao ulikuwa na takriban asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati. Magazeti yalipoiacha mitambo hiyo, kama New York Times lilivyofanya mwaka 1978, mistari ya herufi iliuzwa kama vyuma chakavu, na mingine ikaishia katika kalibu za wasubuji. Madini yaliyochapa habari yaligeuka kuwa vidonge bila kuongezewa kitu. Sioni katika jambo hili fumbo la kufurahia. Naona tu kwamba madini hayajui yanatumiwa kwa nini. Watu ndio wanaopaswa kujua, na mtu hajui vizuri asichoweza kukitaja. Kulikataa jina hakuikatai silaha. Kunawaachia silaha wale wachache walio na maneno yake.

Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu ni upotevu wala si utupu. Yafuatayo ndiyo ninayoyapendekeza. Watunga kamusi wazitenge maana za risasi kwa nambari, na wairudishe kiasi cha bunduki, na kalibu, na kusubu, pasipo kuyapachika alama ya ukale kana kwamba yamekufa. Wafasiri wa matini ya kiufundi wayachunguze maneno ya gobore kabla ya kukimbilia kutohoa. Kuhusu mahakama, ambako neno kiasi huenda likamtatiza shahidi kwa sababu ya maana yake ya kawaida, mkalimani hahitaji neno geni. Anachohitaji ni swali moja, la kuulizwa kabla kalamu haijagusa karatasi: "Ile uliyoiona ilikuwa nzima, au ganda, au kichwa chake tu?"